Karatasi za Bwana Misumari

Tarehe 9 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limetulia tangu mvua zipungue. Mimi sijambo. Chumba nilichopanga ni kidogo lakini dirisha linafunga, na mwenye nyumba ameacha kuniuliza kila siku kama nitaolewa lini; sasa ananiuliza mara moja kwa wiki. Mama ameandika kwamba mdogo wangu amefaulu mtihani na kwamba mbwa wa jirani amemlia kiatu cha kulia. Nimetuma jozi nzima, maana hawauzi kimoja.

Kazini, hapa ofisi ya viwanja, bado niko kwenye majaribio. Mwezi wa sita watanithibitisha au watanishukuru. Kwa hiyo nafika kabla ya mfagizi, na sisemi neno mpaka niulizwe.

Shangazi, kilichonifanya niandike ni hiki. Jumanne alikuja ofisini fundi baiskeli, yule anayekaa nyuma ya nyumba yako. Alisafiri siku nzima. Mimi ndiye niliyekuwa kaunta lakini hakunitambua. Mara ya mwisho kuniona sikuwa na meno ya mbele. Alifungua mkebe wa biskuti, akatoa karatasi nyeupe iliyokunjwa mara nne. Juu imechapwa jina la duka la Babu, Mabati na Misumari. Chini imechapwa, "Nimepokea mzigo ufuatao ukiwa katika hali nzuri." Kisha kwa mkono: "Kiwanja namba 7, hatua ishirini kwa thelathini." Alama ya dole gumba. Sahihi ya Babu, ile yenye mkia kama wa mjusi.

Mkuu wetu aliisoma kwa sauti. "Jamani, njooni! Huyu bwana alipelekewa kiwanja kwa mkokoteni, na kilifika katika hali nzuri!" Ofisi nzima ikacheka. Mpiga taipu akauliza kama kilikuja kimefungwa kamba. Mkuu akamrudishia karatasi yake. "Mzee, hii ni karatasi ya misumari. Nenda nayo dukani."

Nami nilicheka, Shangazi. Nilicheka kwa sababu mkuu alikuwa ananitazama.

Eneo lile linatakiwa kujengwa stendi mpya ya mabasi. Familia tisa zilizo nyuma yako hazina hati, na kamati ya viwanja itakaa tarehe 28 Juni kuamua kama ni wenye viwanja au wavamizi. Wakiitwa wavamizi wataondolewa bila kitu. Faili lao nimepewa mimi kulitayarisha. Nimesoma kanuni mara tatu: karatasi ya mwananchi ikilingana na nakala iliyobaki kwa mtoaji, inakubalika, hata kama imeandikwa kwenye gunia. Babu ndiye aliyekuwa katibu wa viwanja. Nyeupe aliwapa watu, nakala ya njano ikabaki kitabuni.

Je, kitabu hicho unacho? Hapa hakuna anayejua mimi ni mjukuu wa nani, na ningependa wasijue.

Mwanao,
Karani

* * *

Tarehe 2 Aprili

Kwa Bi Karani wangu,

Marahaba, mwanangu. Goti halijatulia, limehamia la pili. Mbuzi mweupe amezaa mapacha na mmoja kichwa chake kigumu kama cha marehemu baba yako. Mwambie mwenye nyumba wako kwamba ana haraka ya kula pilau la watu. Posa zije kwangu nizipepete.

Nimefurahi kwamba umeona mwandiko wa babu yako. Unajua alikujaje katika mji huu? Alikuja kwa miguu, na gunia la misumari iliyopinda. Alikaa chini sokoni na nyundo na jiwe, akawa anainyoosha mmoja mmoja na kuiuza kwa konzi. Watu walimcheka. Miaka sita baadaye waliomcheka walikuwa wanalala chini ya mabati yake.

Ukatibu wa viwanja alipewa kwa sababu katika mji mzima ndiye pekee aliyekuwa na meza. Usicheke, ni kweli. Mafuriko yalikuwa yamebomoa nyumba za bondeni, watu wamelala ghalani wamebanana kama viberiti. Fomu za serikali zilikuwa njiani, kisha lori lililozibeba likaingia mtoni. Baba alingoja miezi minne. Siku moja akapiga meza: "Mji haungoji karatasi!" Akachukua kitabu cha kupokelea mizigo cha dukani, akaenda kupima kwa miguu yake mwenyewe. Unajua urefu wa miguu ile. Hatua zake ishirini ni ishirini na sita za mtu wa kawaida. Kila aliyepimiwa aliondoka na nyongeza. Ndiye pia aliyevuta bomba la maji, akaezeka shule kwa mabati yake, akakaa diwani mihula mitatu. Picha yake ipo ukumbini hadi leo, imeinama kidogo kushoto.

Kuhusu hicho kitabu, mchwa hawana adabu, mwanangu. Thibitishwa kwanza kazini. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Shangazi yako

* * *

Tarehe 20 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa magoti yote mawili, na hongera kwa mapacha. Nimeisoma barua yako mara nyingi kwa ajili ya Babu na lile gunia. Hilo sikuwahi kuhadithiwa.

Shangazi, naomba usinikasirikie. Mama anasema mwaka jana alipokuja kwako alikusaidia kupanga vitabu vya Babu kabatini, mkaweka na dawa ya mende, na vyote vilikuwa vizima. Labda mchwa wameingia baadaye. Nauliza tu walianzia rafu gani.

Karatasi nyeupe zimefika nyingine tatu. Ya namba 2, ya namba 5, na ya mjane wa namba 9, ambayo ameishona kwenye kitambaa kama hirizi. Wengine watatu wamepoteza zao, na wawili wana vipande tu. Bila nakala za njano hata hizi zilizopo hazisaidii. Mkuu anasema mtu anaweza kuwa ameziandika jana. Ameniagiza niandike sentensi moja tu kwenye ripoti: "Hakuna kumbukumbu." Nimeiandika kwa penseli. Kila asubuhi nafungua faili naikuta.

Wewe ni jirani yao. Unawaona wanavyoanika nguo.

Kuna jingine. Katika ramani viwanja ni kumi, na kimoja tu kina hati: namba 4, nyumba yako. Hati imetolewa miaka mitatu baada ya zile karatasi. Kama fomu zilikuwa zimefika, kwa nini Babu alijaza moja akaacha tisa? Swali hili sijaliandika mahali pengine popote.

Mwanao,
Karani

* * *

Tarehe 19 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Ni mwezi mzima sijapata jibu. Nimeuliza posta wakanijibu barua yangu ilifika kwako. Nimemwuliza Mama naye anasema u mzima, ulimwonyesha hata mbuzi.

Zimebaki siku arobaini. Nimeona agizo la kupaka alama nyekundu ukutani kwa nyumba zote tisa. Mimi ndiye niliyelipeleka kwa mhuri. Mkuu amenisifu kwamba sina maneno mengi, akasema watu wa namna yangu ndio wanaothibitishwa.

Kama nimekukosea kwa swali langu la mwisho, nipige, lakini nijibu.

Karani

* * *

Tarehe 27 Mei

Mwanangu,

Barua zako zote nilizipata. Posta haina kosa.

Hapa wazima. Mbuzi wazima. Juzi walikuja vijana na kopo la rangi. Kwa fundi baiskeli wamechora msalaba mkubwa juu ya dirisha, na mkewe ametundika shuka ili usionekane. Jana fundi alikuja kwangu na kofia mkononi. "Dada, wewe ni binti wa Bwana Misumari. Neno lako moja linatosha." Nikamwambia kichwa kinaniuma. Akaondoka akaenda kuniletea dawa ya kichwa, mwanangu. Ndiyo maana nakuandikia.

Kiwanja namba 4 hakikuwa chetu. Baba alimpa mshona nguo mmoja, tulikuwa tunamwita Mama Cherehani. Alikuwa na karatasi yake nyeupe kama wenzake. Kabla hajajenga akapata habari mama yake mzazi amepooza kijijini, akaja dukani kuaga, akaenda kumwuguza. Akakaa huko miaka miwili na zaidi. Katikati ya hapo mimi nikarudi kutoka kwa mume wangu, na mkono wangu wa kushoto umevunjika mahali pawili. Sababu nilimwambia baba peke yake. Kesho yake alianza kuchimba msingi pale namba 4, kwa sababu ndicho kiwanja kilichokuwa wazi, na kipo karibu na duka ili anione kila akiinua macho.

Yule mama akarudi, akakuta kuta na paa. Akaja dukani anatabasamu. "Bwana Misumari, naona umenijengea!" Alidhani kuna maelezo. Baba akamwambia alijua hatarudi. Akajibu, "Nilikuaga hapa hapa, nimesimama kwenye hii kaunta." Akatoa karatasi. Baba akaichukua akaisoma kana kwamba hajapata kuiona, wateja wanatazama. Kisha akamrudishia. "Mama, hii ni karatasi ya misumari."

Watu wakacheka. Nilikuwa nyuma ya mlango wa stoo, mkono umefungwa, nasikia. Yule mama hakulia wala hakutukana. Aliikunja karatasi akasema, "Basi sawa." Kabla ya kuondoka mjini alikuja pale namba 4, akasimama kizingitini, akanitazama mimi. Nikafunga mlango.

Sasa unajua kwa nini wale tisa hawakupata hati. Yangu aliijaza kama kiwanja kisichowahi kugawiwa, lakini kuwajazia wao fomu kungetaka kitabu kipelekwe ofisini, na kitabu kikifunguliwa namba 4 inaonekana. Akawa anawaambia, "Zenu zinakuja." Miaka yote hiyo. Bomba la maji na mabati ya shule vilikuja baada ya siku ile, si kabla. Wao walisema ana moyo. Mimi nilijua bati lile linaziba nini. Lakini kitabu hakukichoma. Mwenye duka hachomi kitabu.

Nimempa kondakta wa basi la Alhamisi akuletee. Ukurasa wa nne nimeuchana. Watu tisa wapate haki yao, baba abaki na jina lake, nami nibaki na paa langu. Mkono wenyewe baridi ikija unaniuma hadi leo. Usiniulize zaidi.

Shangazi yako

* * *

Tarehe 6 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kitabu kimefika salama. Kondakta alikuwa amekikalia njia nzima, akidhani ni cha nyimbo.

Nimekifungua nikiwa nimefunga mlango. Njano zote zipo na zinasomeka. Alama ya dole la fundi baiskeli ina kovu katikati, katika nyeupe na katika njano. Nililia kwa furaha, kisha nikafika mahali ulipochana.

Shangazi, kurasa hizi zimechapwa namba na mtambo, pembeni juu, kwa wino mwekundu. Inakuja tatu kisha inakuja tano. Mkuu wetu ni mcheshi lakini si mjinga. Akiona pengo atasema kitabu kimechezewa, na kitabu kilichochezewa kinakataliwa chote, si ukurasa mmoja. Kanuni ndivyo ilivyo, nimeisoma nikitafuta mlango wa kutokea na sikuuona. Kikikataliwa, ile sentensi yangu ya penseli itakuwa kweli.

Nimekuwa nikijiuliza mimi ni nani hata nikuombe. Sijawahi kuvunjwa mkono. Nilikulia kwako kila likizo, nimelala katika nyumba hiyo, nimejificha nyuma ya mlango huo huo mlipokuwa mnachinja kuku, nawe ukinicheka kwamba naogopa hata manyoya. Bado naogopa. Namwogopa mkuu, naogopa tarehe 28, na naogopa kwamba unaposoma barua hii unanichukia. Babu nampenda, na tangu nisome barua yako siwezi kuitazama sahihi yake.

Siwezi kukuambia la kufanya. Nakuambia tu kwamba kikao ni baada ya siku ishirini na mbili, na barua yako huchukua tisa.

Mwanao

* * *

Tarehe 15 Juni

Ukurasa huu hapa. Nilijaribu kuuchoma mara mbili. Labda kiberiti kilikuwa kibichi, labda ni mkono.

Uubandike vizuri. Usitie gundi nyingi, itapita upande wa pili.

Nimempa kondakta yule yule. Nimemwambia akiukalia nitamjua.

* * *

Tarehe 17 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Mama atakuwa amekuambia yaliyo mema, lakini nataka uyasikie kutoka kwangu pamoja na mengine.

Siku ya kikao nilikiweka kitabu mezani nikasema kimetoka wapi. Mwenyekiti akauliza nimekipataje. Nikasema, "Aliyekiandika ni babu yangu. Aliyekitunza ni shangazi yangu, anakaa namba nne. Ukurasa wa nne ulichanwa na umebandikwa tena. Naomba usomwe kama kurasa nyingine." Mkuu wetu alinitazama kama mtu aliyegundua kiti chake kinasema.

Walilinganisha dole kwa dole hadi saa nane mchana. Wote tisa wamekubaliwa, hata wasio na karatasi zao, kwa sababu njano zipo. Stendi itatafutiwa mahali pengine. Fundi baiskeli alinishika mikono, ikabaki na grisi, nikaenda nayo hivyo hivyo nyumbani.

Namba nne waliisikiliza wiki iliyofuata. Mama Cherehani alifariki miaka mingi iliyopita. Fundi baiskeli alijua binti wa marehemu anafundisha shule mji wa jirani, wakamwita. Alikuja na karatasi nyeupe. Mama yake hakuitupa. Kamati imefuta hati yako na kumwandikia yeye, na wewe umepewa siku tisini. Nilijitoa kwenye kikao hicho, nikangoja kwenye korido nikihesabu vigae.

Mimi sikuthibitishwa. Wameniongezea miezi sita ya majaribio kwa kuficha undugu, na nimetolewa kaunta nikapelekwa stoo ya mafaili. Mpiga taipu huja kunitembelea huko na kuniita Mheshimiwa Vumbi.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine yenye mhuri. Hiyo ndiyo notisi yako. Niliomba niipige taipu mwenyewe, sikutaka mtu akuandikie huku anatafuna karanga. Jina lako nililikosea mara tatu. Nimetia neno "tafadhali" mahali pawili ambapo fomu haina. Mkuu aliliona akaliacha.

Njoo ukae kwangu. Kitanda nitakupisha.

Mwanao

* * *

Tarehe 9 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Hapa hatujambo. Yule mbuzi mwenye kichwa kigumu nimemwuza. Ndugu yake nimempa mke wa fundi, ameshatoa ile shuka dirishani. Watu wananisalimia vizuri mno, hadi nimeanza kupitia njia ya nyuma. Ukumbini picha ya baba bado ipo. Wengine wanasema iondolewe, wengine wanasema bomba la maji alilivuta nani. Waliniuliza mimi. Nikawaambia mimi nimeshatoa nilichokuwa nacho, picha ni ya kwao.

Notisi yako imefika. Haina kosa hata moja.

Jumamosi alikuja binti wa Mama Cherehani. Ni mtu mzima, ana mvi nyingi kuliko mimi. Nilimwonyesha vyumba vyote, akawa anagusa kuta kwa kidole kama mtu anayesoma. Kisha akaniuliza, "Mama alisimama wapi siku ile?" Nikamwonyesha. Akaenda akasimama pale kizingitini, mimi niko ndani, akanitazama muda mrefu. Mlango ulikuwa mkononi mwangu.

Nikamwambia nilimsikia mama yake dukani, na kwamba ningeweza kutoka nyuma ya mlango nikasema ni kweli aliaga, kwa sababu nilikuwepo siku anaaga, nimekuja kumsalimia baba. Hilo hata wewe sikukuandikia. Akasema, "Mama alikuwa anasema yule msichana ataongea siku moja." Basi.

Nilitaka aniambie, mama kaa tu mpaka Mungu atakapokuchukua. Nilitaka sana, mwanangu, nisikudanganye. Nilimpikia chai nzito ya maziwa, nikatoa vikombe vya harusi yangu. Alikunywa amesimama, akakiosha kikombe mwenyewe, akasema karatasi imesema siku tisini na yeye atakuja siku ya tisini na moja, asubuhi, na watoto wake.

Kitanda chako usinipishe, mimi bado sijawa mgonjwa. Nipimie ukuta wa chumba chako, ule usio na dirisha, kwa futi wala si kwa hatua, unitumie wiki hii hii. Nataka kujua kama kabati litaingia au nimwachie yeye.

Shangazi yako